Gitaa Moja kwa Kazi Nyingi

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Neno hilo ni la kweli shambani, maana kazi ya jembe ni moja, na udongo hauulizi jembe limefuliwa wapi. Walakini si kila chombo ni jembe. Mvuvi wa Likoni hachukui mshipi wa kuvulia tasi akaenda nao kuvua papa, wala fundi wa cherehani hashoni turubai kwa sindano ya hariri, na hapana mtu anayewacheka kwa kuchagua. Gitaa la besi ni chombo cha jamaa hii ya pili. Nakusudia kukueleza habari zake, msomaji, kwa kuwa yamkini wewe ni mmoja wa vijana walioanza kupiga katika bendi ya shule au katika kwaya, na watu wa nyumbani kwenu wamekwisha kukubali, kwa shida, kutoa fedha za kununua gitaa moja. Neno zito hapo ni hilo la mwisho. Mpigaji tajiri aweza kuwa na magitaa matano akakosea katika manne asiumie. Wewe ukikosea, kosa lenyewe utalivaa begani kwa miaka mingi.

Besi ni sauti ambayo watu wengi huisikia bila ya kujua kwamba wanaisikia. Ikinyamaza katikati ya wimbo, wachezaji hupotewa na miguu, na mwimbaji hugeuka nyuma kutazama kumetokea nini. Katika ngoma zetu za pwani kazi hii ilikuwa ya vumi. Chapuo husema upesi, msondo hujibu, na vumi hutandika mkeka ambao wenzake hukaa juu yake. Gitaa la besi limeketi katika kiti cha vumi, na mpigaji asiyelijua jambo hili hulipiga kana kwamba ni gitaa la solo lililopata mafua.

Nyuzi zake za kawaida ni nne. Uzi mzito kuliko yote, uitwao E, hutikisika kama mara 41 kwa sekunde. Unaofuata, A, mara 55. Kisha D, mara 73. Na mwembamba wa mwisho, G, mara 98. Sauti nzito namna hii yataka uzi mnene na mrefu, na ndiyo sababu shingo ya besi humshangaza mtu anapoishika mara ya kwanza. Toka juu ya shingo hata kidaraja kinachobeba nyuzi, uzi wa besi ya kawaida una urefu wa sentimeta 86, ambapo wa gitaa la kawaida hukaribia 65. Zamani kazi hii ilifanywa na fidla kubwa ya kusimamishwa, iliyo ndefu kuliko mpigaji wake. Huko Unguja, ambako Ikhwani Safaa ilianzishwa mwaka 1905, fidla hiyo ilipata makao ya heshima katika taarabu. Ni chombo kizuri, lakini jaribu kukipandisha matatu ya kwenda Mtwapa. Mwaka 1951 Leo Fender wa California aliilaza besi mikononi kama gitaa, akaipa umeme, na kukata shingo yake kwa vyuma vyembamba ili kidole kiipate sauti barabara. Gitaa hilo aliliita Precision, yaani usahihi, na magitaa mengi ya besi yaliyoundwa baada yake ni watoto wake au wajukuu wake.

Sasa tutazame ukumbi ambao gitaa lako litapigwa. Mpiga besi anayekaa Likoni, Kisauni au Changamwe hana bahati ya kupiga muziki wa namna moja. Ijumaa usiku aweza kuitwa katika hoteli ya Diani au Bamburi, ambako wageni hutaka Jambo Bwana, wimbo uliotolewa na Them Mushrooms mwaka 1982, na ambao mpaka leo haujachoka kuombwa. Jumamosi yuko harusini. Jumapili asubuhi, macho bado mekundu, yuko kanisani. Katika siku tatu hizo atatakiwa sauti tatu zisizofanana, na atazitafuta zote katika mbao zile zile. Hiyo ndiyo maana ya gitaa la kazi nyingi. Si gitaa lenye vifungo vingi, kama wauzaji wapendavyo kusema.

Chukua chakacha kwanza, kwa kuwa ndiyo inayowashinda wengi. Mapigo yake ni sita, na sita hiyo yaweza kugawanywa mara mbili kwa matatu, au mara tatu kwa mawili. Makofi huhesabu hivi, nyonga huhesabu vile, na utamu wote umo katika ugomvi huo mdogo usiokwisha. Besi lazima ichague upande, ikae hapo. Ikisema neno fupi na kunyamaza, ugomvi husikika na watu huinuka vitini. Ikivuta sauti ndefu, inayoendelea kulia mpaka pigo lifuatalo, hufunika nafasi zile ambamo chakacha yenyewe hukaa. Zuhura Swaleh alipoyaingiza mapigo ya chakacha katika taarabu yake pamoja na taishokoto, na Mombasa Roots walipoyapeleka katika disko miaka ya 1980, kazi ya besi ilikuwa ile ile ya vumi: kupiga na kuacha. Nasema bila ya kificho kwamba wapigaji wengi wa leo hawaachi. Wameona katika picha za video mikono ya wapigaji wa Marekani ikikimbia kama kaa, wakadhani kwamba kila nafasi iliyo wazi ni deni la kulipwa. Matokeo yake ni kwamba mwenye harusi hukiweka kinanda cha umeme mahali pa bendi nzima, na mkono wa kushoto wa mpiga kinanda hufanya kazi ya besi kwa ujira wa mtu mmoja. Ikiwa besi yako haisemi jambo ambalo kinanda hakiwezi kulisema, kwa nini ulipwe?

Katika taarabu ya udi mambo ni mengine tena. Fundi kama Zein l'Abdin, aliyefariki mwaka 2016, alipiga udi usio na vyuma shingoni, na kidole chake kiliweza kukaa kati ya sauti mbili, mahali ambapo gitaa lako halina mlango. Mwimbaji naye huzipinda sauti hizo hizo. Mpiga besi mwenye adabu hazigusi. Hukaa kwenye sauti ya msingi na ile ya tano yake, akamwachia mwimbaji uwanja wa katikati. Wako wanaoshauri kununua besi isiyo na vyuma ili uweze kumfuata mwimbaji. Ni shauri zuri kwa mtu mwenye gitaa la pili. Kwa mwenye moja tu ni hatari, maana Jumapili kwaya haitamsamehe kidole kilichopotea kwa upana wa unyoya.

Kisauni ndiko kuliko na Freretown, mtaa ulioanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, na kengele yao ndiyo iliyopapa Kengeleni jina lake. Mtaa huo ulijulikana pia kwa muziki wa bango, na jina la Mzee Joseph Ngala na saksafoni yake haliachani na muziki huo. Katika bango rumba, jazi na ngoma za Wamijikenda zimekaa meza moja bila ya kusukumana. Saksafoni huimba kama mtu mzima anayesimulia, na besi humfuata kwa hatua za mviringo, isiyo na haraka wala kishindo. Hapa sauti fupi kavu ya chakacha haifai. Yatakiwa sauti nene, laini, yenye mwanzo usiochoma. Naipenda besi ya bango kuliko zote za pwani, na nakiri kuwa upendo huo umeingia katika hukumu nitakayoitoa mbele.

Ukivuka Makupa kwenda Changamwe utakuta mji wa wafanyakazi. Reli, kiwanja cha ndege, na kiwanda cha kusafisha mafuta kilichoacha kazi hiyo mwaka 2013, viliwavuta watu wa bara kwa miaka mingi, nao walikuja na nyimbo zao. Huko utatakiwa kupiga benga, ambayo besi yake huruka na kujibizana na gitaa la solo, kila neno likisikika peke yake. Utatakiwa pia rumba ya Kongo, ambayo besi yake hupenda kuingia pale usipoitarajia. Makanisani kuna nyimbo za sifa zenye mwendo wa kisasa, na vijana wa huko hupiga nyuzi kwa dole gumba mpaka chuma kigonge chuma. Muziki huo wataka sauti angavu, yenye meno.

Basi hizo ndizo kazi. Tutazame vyombo.

Chini ya nyuzi za besi kuna sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba mara maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme mdogo huzaliwa ndani ya waya huo, ukaenda katika amplifaya. Mahali sumaku ilipo ndipo tabia ya gitaa ilipo. Uzi hutikisika sana katikati na kidogo karibu na kidaraja. Kwa hiyo sumaku ya katikati hutoa sauti nene, na ya nyuma hutoa sauti nyembamba iliyo wazi. Precision ina sumaku moja, iliyokatwa vipande viwili tangu mwaka 1957: kimoja chini ya nyuzi mbili nzito, kingine chini ya mbili nyembamba. Mwaka 1960 Fender alitoa gitaa jingine, Jazz Bass, lenye sumaku mbili kamili na shingo iliyobanwa. Juu kabisa, shingo ya Jazz ina upana wa milimita 38, na ya Precision hupita 41. Tofauti hiyo ni ndogo katika rula, lakini ni kubwa mno katika kiganja.

Watetezi wa Precision watakutajia James Jamerson wa Detroit. Mtu huyo alipiga besi katika nyimbo nyingi mno za Motown kwa gitaa la sumaku moja, nyuzi kuukuu na kidole kimoja cha mkono wa kulia. Ushahidi huo ni mzito, wala siupuuzi. Walakini Jamerson alikuwa na chumba kimoja cha kurekodia na mafundi waliomngoja. Hakutoka harusini Likoni saa tisa za usiku akaingia kanisani Changamwe saa mbili.

Watetezi wa Jazz nao husema kwamba sumaku mbili ni sauti nyingi. Ni kweli: fungua ya mbele utapata unene, fungua ya nyuma utapata uwazi, changanya upendavyo. Lakini kuna jambo ambalo hawalisemi, nalo lahusu umeme wetu hasa. Kila sumaku ya Jazz ikiwa peke yake hunasa mvumo wa nyaya za umeme zilizo karibu. Zikifunguliwa sawasawa, mvumo wa moja huua wa mwenzake, kwa kuwa zimezungushwa kinyume. Ukipunguza moja, mvumo hurudi. Katika nyumba yenye nyaya nzuri hutausikia sana. Katika harusi ya uani, chini ya turubai, taa za rangi zikining'inia, jenereta likinguruma na waya wa ardhi haupo, utausikia mpaka mtaa wa pili. Umeme wa nchi yetu hubadilika mara 50 kwa sekunde. Sauti ya G katika uzi wako mzito ni mitikisiko 49. Fikiri basi: gitaa lako huimba neno moja usiku kucha, karibu sana na G lakini si G, hata pale mwimbaji anapoomba kimya. Precision haina maradhi hayo, maana vipande vyake viwili vimezungushwa kinyume na hufutiana mvumo daima.

Kuna jamaa ya tatu ya magitaa, yenye mtambo mdogo wa kukuza sauti ndani ya mwili wake. Music Man StingRay ya mwaka 1976 ndiyo iliyoupa mtindo huu sifa, na leo magitaa mengi membamba na mepesi, kama ya Ibanez ya mfululizo wa SR, yamefuata njia hiyo. Sauti yao ina nguvu na vifungo vyao hubadilisha mengi. Huendeshwa na betri ya volti 9, na betri hiyo hupungua wakati wote waya uko ndani ya tundu, hata kama hupigi. Mpigaji mwangalifu huchomoa waya kila anapopumzika. Mpigaji aliyeitwa kula pilau husahau. Baadhi ya magitaa haya yana kifungo cha kuyaondoa katika betri yakaendelea kulia. Yasiyo nacho hunyamaza, au hukoroma kama redio iliyomwagiwa maji. Simkatazi mtu kuyanunua. Nasema tu kwamba kwa chombo cha pekee, katika mitaa yetu, ni heri kisicho na kitu cha kufa ndani yake.

Habari ya nyuzi tano naipita upesi. Uzi wa tano, B, hushuka mpaka mitikisiko 31, nao hupendeza sana kanisani penye spika kubwa. Spika ndogo za harusi hazina pumzi ya kuitoa sauti hiyo. Hutoa mtetemo wa sahani mezani. Kadhalika shingo huwa pana, na mkono wa mwanafunzi huchoka. Ngoja. Tofauti yake ni besi ya shingo fupi, ya sentimeta 76, kama ile Höfner yenye umbo la fidla aliyoipiga Paul McCartney wa Beatles. Kama mikono yako ni midogo, uwe mvulana au msichana, usione haya kuichukua. Sauti yake ni ya mviringo, yafaa bango kuliko unavyodhani, na sijapata kumwona bi harusi aliyetoka na futi kupima shingo ya gitaa.

Hukumu yangu ni hii. Kwa mpigaji wa ng'ambo zetu aliye na gitaa moja, bora ni la nyuzi nne, lisilo na betri, lenye sumaku iliyokatwa vipande viwili katikati na nyingine nyembamba ya aina ya Jazz karibu na kidaraja. Mpango huo watengenezaji wengi wanao. Yamaha huutumia katika baadhi ya magitaa yake ya mfululizo wa BB, ulioanza mwaka 1977, na katika magitaa ya bei nafuu pia hupatikana. Harusini ufunge sumaku ya nyuma: mvumo utakwisha, na unene wa bango utaupata wote. Kwenye benga au sifa uifungue kidogo kidogo mpaka maneno yasikike. Ina kasoro, nami sitaificha. Sumaku hizo mbili hazina nguvu sawa, na ile ya nyuma ikiwa peke yake hutoa sauti nyembamba kama ya mtu aliyebanwa pua, tena na mvumo juu yake. Anayetaka sauti ya Jazz kamili hataipata hapa. Mimi naona kwamba hasara hiyo yavumilika, kwa kuwa sauti hiyo katika kazi tulizozitaja hutakiwa mara chache.

Nusu ya sauti, hata hivyo, imo katika vitu vya bei ndogo. Nyuzi zilizosokotwa kwa waya wa mviringo ni angavu zikiwa mpya, lakini mikunjo yake hunywa jasho na chumvi ya hewa yetu, na baada ya muda mfupi hupoteza meno. Zile zilizozungushiwa utepe bapa ni laini, fupi za sauti, na hudumu muda mrefu zaidi. Bei yake ni kubwa mwanzoni, lakini kwa mtu akaaye karibu na bahari ni akiba. Ukipiga chakacha kwa nyuzi za mviringo, weka kipande chembamba cha sponji chini ya nyuzi karibu na kidaraja, au laza ubavu wa kiganja hapo na upige kwa dole gumba. Sauti itakufa mara tu baada ya kuzaliwa, nayo ndiyo tuitakayo. Kisha ondoa sponji, uitie mfukoni, uende kanisani. Kila umalizapo kupiga, futa nyuzi kwa kitambaa kikavu, hasa kama utavuka na feri upepo wa kusi ukivuma. Ile sauti ya kukwaruza isikikayo unapozungusha kifungo cha gitaa kuukuu mara nyingi ni kutu na uchafu ulioingia humo ndani.

Siku ya kwenda dukani mchukue mtu aliyepiga besi kwa ujira, ikiwezekana mzee, naye akae kimya mpaka umemaliza kujaribu. Lipige gitaa kwanza bila ya umeme. Ubao uhisi ukitetemeka tumboni mwako. Sauti iliyo hafifu hapo, amplifaya itaikuza pamoja na uhafifu wake. Tazama shingo kwa jicho moja toka kichwani hata kidaraja, kama seremala atazamavyo ubao. Kupinda kidogo huweza kurekebishwa kwa fito ya chuma iliyomo ndani, kupotoka kama skrubu hakurekebishiki kwa urahisi. Piga kila chuma, katika kila uzi, usiruke hata kimoja. Kisha ulivae kwa mkanda na usimame nusu saa. Besi nyingi hukaribia kilo 4, na kilo 4 za dukani si kilo 4 za saa sita za usiku. Tena kama kichwa chashuka chenyewe ukiuacha mkono wa kushoto, mkono huo utakuwa hamali badala ya kupiga. Muuzaji atakuonyesha mbwembwe za vifungo. Mwombe radhi, upige taratibu mapigo ya chakacha na wimbo mmoja wa bango, maana ndiyo kazi yako, na umwangalie yule mzee uliyekuja naye. Kama mguu wake umeanza kugonga sakafu pasipo yeye kujua, uliza bei. Na katika bei hiyo udai mkanda mpana na waya wa pili, kwa sababu waya ndio hufa kwanza, na desturi yake ni kufa wakati bwana harusi anapoingia.